Moto Mmoja kwa Wazee na Watoto



Jua likiisha kuzama nyuma ya vilima vya Kibabi, baridi hushuka upesi, na moshi hutoka katika kila nyumba. Mzee huusogelea moto. Mtoto naye huketi karibu na magoti yake. Mzee husema, mtoto husikiliza. Ndivyo walivyofundishwa baba zetu, na baba zao kabla yao. Penye moto mtoto alijifunza jina la ukoo wake, majira ya kupanda maharage, miti iponyayo na miti iuayo, na namna ya kumsalimu mkubwa.

Siku hizi, katika nchi nyingi, watu wameanza kuwakusanya wazee na watoto kwa mpango maalumu: siku fulani, mahali fulani, ili wakae, wafanye kazi na wazungumze pamoja. Mkristo mmoja wa kwetu akisikia habari hiyo huenda akacheka na kusema: «Mambo hayo ni ya Wazungu. Je, kwetu kuna mtoto asiyejua uso wa babu yake? Kwa nini tuwakusanye watu ambao Mungu amekwisha kuwakusanya katika nyumba moja?»

Swali hilo ni la haki. Yafaa tulijibu polepole.

Kwanza tutazame mbali. Katika mji wa Seattle, huko Marekani, masista wa Kikatoliki walianzisha zamani nyumba ya kutunza wazee. Tangu mwaka 1991 shule ya watoto wadogo imewekwa ndani ya nyumba hiyohiyo. Watoto huimba, huchora na kula pamoja na wazee. Sababu yake ni nini? Huko wazee wengi hukaa mbali na wana wao, na siku nyingi hupita pasipo kusikia sauti ya mtoto. Wana mkate na dawa, lakini hawana mjukuu karibu.

Sasa tutazame karibu zaidi. Katika Nshamba, mkoa wa Kagera, nchini Tanzania, ugonjwa wa ukimwi uliwaua baba na mama wengi, wakabaki nyanya na wajukuu. Huko hawakukosa kukaa pamoja, bali walikosa chumvi, sabuni na daftari la shule. Mwaka 2003 likaanzishwa shirika liitwalo Kwa Wazee, ambalo huwapa wazee hao fedha kidogo kila mwezi. Nyanya akipokea, mjukuu naye hula. Ndipo tunapoona kwamba anayemsaidia mzee amemsaidia na mtoto, kwa maana chungu chao ni kimoja.

Basi kila nchi ina upungufu wake. Wa Seattle walipungukiwa na mtoto. Wa Nshamba walipungukiwa na riziki. Sisi wa Masisi na Walikale tumepungukiwa na nini?

Ndugu zangu, riziki nasi imetupungukia, hakuna asiyejua. Lakini kuna upungufu mwingine uliofichika zaidi. Mwaka 1993 mauaji yalianza Ntoto, katika Walikale, yakaenea mpaka vilima vya Masisi. Watu wa kila upande waliua, na watu wa kila upande waliuawa. Tangu hapo vita vimezimika na kuwaka tena mara nyingi. Watoto wengi wamezaliwa katika kambi za wakimbizi karibu na Goma, na kambi hizo zilipovunjwa mwaka 2025, wengine waliambiwa warudi kwenye mashamba ambayo hawakuyaona hata siku moja. Watoto hao huuliza: «Babu, kwa nini tulikimbia? Nani alitufukuza?»

Hapo ndipo penye shida yetu. Tufanye mfano. Wazee wawili hukaa kilima kimoja. Mmoja ni Mhunde, wa pili ni Mhutu. Kila mmoja ana mjukuu wake na moto wake. Wa kwanza humweleza mjukuu jinsi nyumba yake ilivyochomwa, tena asema kweli. Wa pili humweleza mjukuu jinsi ndugu yake alivyouawa njiani, naye asema kweli. Hakuna aliyesema uongo. Lakini kila mmoja amesema nusu, na mtoto ameipokea nusu hiyo kana kwamba ni yote. Kesho watoto hao watakutana kisimani, kila mmoja na nusu yake rohoni. Tena yafaa kukumbuka kwamba wao hawakuona lolote. Wamerithi kidonda ambacho hakikuwa chao.

Sasa wakalisheni wazee hao wawili penye moto mmoja, na wajukuu wote wawili mbele yao. Je, watasimulia vilevile? Hapana. Mzee akimwona mtoto wa jirani anamtazama usoni, atapima maneno yake. Hatasema tena «wale watu», kwa sababu mmoja wa «wale» ameketi mbele yake, mdogo, mwenye njaa, anangoja kiazi kiive. Atakumbuka pia mambo ambayo hakuyasema nyumbani: mwanamke wa upande wa pili aliyewaficha watoto wake chini ya majani ya migomba, au uovu uliotendwa na vijana wa upande wake mwenyewe.

Kwa ajili hiyo nasema kwamba moto wa nyumbani ni mwema, lakini hautoshi. Wazee wa kijiji kizima na watoto wa kijiji kizima wana haja ya kukutana, ili kweli iliyogawanyika ipate kuunganishwa.

Wengine watasema: «Afadhali kunyamaza. Mtoto asiyejua hatachukia.» Tusidanganyike. Mtoto asiyeambiwa na mzee mwenye hekima ataambiwa na mlevi, au na kijana mwenye bunduki anayetafuta wafuasi. Tena kimya chenyewe ni fundisho: mtoto huona babu yake akigeuza uso jirani apitapo, naye hujifunza kugeuza wa kwake.

Wengine watasema: «Basi tuseme yote.» Hilo nalo si jema. Mtoto wa miaka saba hapewi mzigo wa mtu mzima. Mzee na ajiwekee sheria tatu. Kwanza, aseme aliyoyaona kwa macho yake, asiseme aliyoyasikia kwa watu. Pili, akitaja ubaya wa wengine, ataje na ubaya wa watu wake. Tatu, asiumalize usiku bila kumtaja mtu mmoja wa upande wa pili aliyetenda mema. Asiyeweza kushika sheria hizo bado ana kidonda kibichi. Huyo na afarijiwe kwanza, asifundishe.

Watoto nao wana wajibu. Amri ya Nne inawaagiza kuwaheshimu wazazi, na heshima hiyo inawafikia wazee wote. Mtoto amchotee mzee maji, ampasulie kuni, amwongoze njiani macho yake yakififia. Amwulize kwa adabu na kumsikiliza mpaka mwisho. Lakini kuheshimu si kurithi chuki. Mtoto aweza kupokea kutoka kwa babu yake jina, shamba na mbegu, asipokee kisasi chake. Akiacha kisasi hicho hajamdharau babu yake; amemtua mzigo.

Mkutano huo waweza kufanywaje? Si jambo la fedha. Mashirika yetu ya Wakristo hukutana kila juma. Yachague alasiri moja. Mahali pawe wazi, penye macho ya watu, na mama na baba kadhaa wawepo, ili watoto wawe salama. Pasiwe na pombe. Ianze kazi ya mikono: kusuka kikapu, kuchagua mbegu, kumenya maharage. Mikono ikishughulika, ulimi hutulia. Mzee wa Kihunde awafundishe watoto wote majina ya vilima na mito. Mzee wa Kinyarwanda awafundishe wote namna ya kumtunza ndama. Habari za vita zisiwe za siku ya kwanza. Watu wakiisha kula pamoja mara nyingi, maneno mazito yatapata njia yake.

Papa Fransisko aliweka mwaka 2021 siku ya kuwakumbuka babu, nyanya na wazee wote, Jumapili ya nne ya mwezi wa saba, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana. Siku hiyo yafaa kuwa mwanzo kwa shirika ambalo bado linasitasita. Lakini tusikawie mno. Aliyekuwa na miaka arobaini mwaka 1993 sasa amepita sabini. Kila mwaka tunazika mashuhuda, na kila anayezikwa bila kusema huenda na nusu ya kweli yetu.

Nanyi wakatekumeni, mnaojiandaa kuzaliwa upya kwa maji, jiulizeni: tutaingia Kanisani na chuki tuliyoachiwa, au tutaiacha mlangoni? Yule mzee aketiye peke yake na yule mtoto aulizaye maswali wanaweza kutusaidia kujibu, tukiwakalisha pamoja.

Maulizo ya kufikiri

1. Katika kijiji chako, ni mzee gani ambaye hakuna mtoto anayemkaribia? Kwa sababu gani?
2. Je, umewahi kusimuliwa habari ya mtu wa upande wa pili aliyewatendea watu wako mema? Nani alikusimulia?
3. Kuna tofauti gani kati ya kukumbuka na kulipiza kisasi?