Maji, Risasi na King'ora

Zoezi la dharura hupimwaje? Kwa kawaida hupimwa kwa saa ya mkononi: king'ora kimelia, watu wamefika uwanjani, mgeni rasmi kapiga picha, zoezi limefana. Katika miaka yangu ya uandishi wa habari sijakutana na ripoti iliyosema zoezi limefeli.

Nimeanza kulifikiria hili tangu Kenya ilipotaja Uyombo, Kilifi, kuwa mahali pa kujenga kinu cha nyuklia, na wenyeji wakaandamana kupinga mwaka 2024. Kinu cha namna hiyo huja na mpango wake wa dharura: njia za kuhamia, vidonge vya iodini, mazoezi. Sawa. Lakini zoezi ni ahadi. Unamwambia mtu: fanya hivi, utapona.

Mimi kwetu ni Kipatimu, na ahadi ya aina hiyo tunaifahamu. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya kugeuza risasi za Mjerumani. Wamatumbi wakang'oa pamba kule Nandete, vita vikaanza. Kila mtu husema maji hayakufanya kazi. Mi naona yalifanya nusu ya kazi. Yaliwaunganisha watu ambao hawakuwahi kuwa na mkubwa mmoja, na hilo si dogo. Risasi ndizo hazikuwa na habari nayo. Na aliyenyunyiziwa hakuwa na njia ya kujua, kabla ya siku yenyewe, kapewa nusu ipi.

Zoezi nalo linaweza kukuonyesha njia, au likakupa ujasiri tu. Japani ni nchi ya mazoezi, lakini Machi 2011, kinu cha Fukushima kilipoharibika, wagonjwa wa hospitali ya Futaba walipakiwa kwenye mabasi na kuzungushwa kwa saa nyingi. Makumi walikufa. Hawakuuawa na mionzi, waliuawa na safari. Mtu mwenye miguu yake hufaulu zoezi lolote. Mtihani ni yule wa kitandani.

Kwetu Kilwa hatuna kinu, tuna vimbunga. Jobo, Aprili 2021, alitangazwa akaja amechoka, watu wakacheka. Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ikamtangaza Hidaya, na safari hii kweli alikuja. Barabara ya Lindi–Dar ikakatika Somanga. Hebu niambie, ukimfundisha mtu kuhama na barabara ni hiyo moja, umemfundisha nini?

Wapo wanaosema dawa ni kufanya zoezi la kushtukiza, ili upate ukweli. Sikubali. Kumtisha mama mwenye mtoto mgongoni ili wewe upate takwimu ni kumfanya chombo, na king'ora cha pili hatakiamini. Ukweli upo kwa njia rahisi zaidi: siku ya pili, nenda kwa ambao hawakuja. Mwenye mgonjwa ndani, mzee asiyesikia, asiye na simu, mvuvi aliyekuwa majini. Waulize kwa nini. Majibu yao yaandikwe ukurasa wa kwanza wa ripoti, kabla ya picha ya mgeni rasmi.

Sasa mazungumzo ya kinu cha Kenya yamehamia Siaya, upande wa Ziwa. Huko nako wapo wanaovua dagaa usiku kwa taa, mbali na nchi kavu. Ningependa kujua zoezi la kwanza litapangwa saa ngapi.