Sabuni ya Mgeni ni Deni la Nani?

Katika habari za ukarimu watu hupenda kuyataja mambo makubwa: malazi, chakula, ulinzi. Makala haya yataka kuyatazama madogo. Mgeni aliyekodi nyumba kwa siku tatu mjini Lilongwe, au aliyelala usiku mmoja katika nyumba ya mkimbizi kambini Dzaleka, aamkapo asubuhi huhitaji kipande cha sabuni, karatasi za chooni, maji ndooni, kiberiti, na pengine chumvi ya kutia katika mayai yake. Je, vitu hivi ni haki yake, ni hisani ya mwenyeji, au ni sehemu ya bidhaa aliyokwisha kuilipia? Na ikiwa ni deni, ni deni la nani? Huenda msomaji akaliona swali hili kuwa jepesi. Sisi twaliona zito, maana laugusa mpaka ulio baina ya kumpokea mtu na kumwuzia mahali pa kulala.

Tuanze na lugha, kama ilivyo desturi yetu walimu. Neno letu mgeni lahusu ugeni, yaani hali ya kutojulikana na kutojua. Jirani zetu wa Chichewa husema mlendo, na safari kwao ni ulendo. Kwa hiyo kwetu sisi mgeni ni mtu asiyezoeleka. Kwao ni mtu wa njiani. Maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja hutupa maelezo mazuri ya kile anachokikosa mgeni. Kwa kuwa yu njiani, hakuweza kubeba nyumba yake. Na kwa kuwa hajazoea, hajui kopo la chumvi liko wapi wala ni nani wa kumwuliza. Tena angalieni jambo hili: hakuna aonaye haya kuuliza, “Nitalala wapi?” Lakini mtu mzima, mwenye heshima zake, huona haya kubwa kutoka nje alfajiri kuomba karatasi za chooni. Vitu vidogo ndivyo vigumu kuombwa. Basi yule aliyeviweka tayari kabla ya kuombwa hakutoa sabuni tu. Amemwondolea mwenzake aibu ya kuomba, na aibu hiyo haina bei dukani.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili vyema. Katika nyumba kubwa za mawe za miji ya Waswahili kilikuwapo chumba kiitwacho sabule, ambamo mgeni aliweza kukaa bila kuingia katika faragha ya wenye nyumba. Mgeni aliletewa birika na tasa anawe kabla ya kuulizwa shida yake. Hata hivyo wazee hao hao waliweka mipaka. Mafunzo ya dini yanahesabu ukarimu wa mgeni kuwa siku tatu, na lizidilo hapo huwa sadaka. Na methali yetu haina huruma nyingi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huifasiri methali hii kuwa ni ya kumfukuza mgeni. Sisi hatukubaliani nao. Apewaye jembe amepewa nafasi katika kazi ya nyumba. Tangu hapo sabuni anayoogea ni jasho lake, na haya ya kuomba imekwisha.

Sasa twende Lilongwe. Tangu uwe makao makuu ya serikali mwaka 1975, mji huu umekuwa mji wa wapita njia: watu wa semina, wa mikutano, wa kesi, wa hospitali. Mitaa yake mingi huitwa kwa namba, na katika mitaa hiyo wako watu waliozigeuza nyumba zao, au vyumba vya uani, kuwa nyumba za kukodi kwa siku chache. Mwenye nyumba atasema, nasi twamwelewa, kwamba yeye si mkarimu bali ni mfanyabiashara. Vilivyomo vimekwisha hesabiwa katika kodi. Ni kweli. Lakini kodi hulipia chumba. Haiwezi kulipia fikira. Umeme wa Lilongwe hukatika, na maji nayo yana siku zake. Yuko mwenye nyumba awekaye mshumaa na kiberiti mahali ambapo mkono utavipata gizani, na ndoo iliyojaa maji penye bafu. Na yuko awekaye televisheni kubwa na kisabuni cha gramu 15 kwa watu wawili wa siku tatu. Wote wawili waweza kutoza kodi ile ile. Wa kwanza alijiuliza, “Nikiwa mimi niko hapa usiku, nitakosa nini?” Hapo ndipo ukarimu ulipo, hata kama fedha zimepita mkononi.

(Tumeulizwa na wanafunzi kama kuchukua sabuni ya nyumba ya kukodi ni wizi. Iliyofunguliwa ni yako, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeitaka; ambayo bado imo katika karatasi yake ni ya mgeni ajaye. Na chumvi iachwe jikoni.)

Swali letu hubadilika sura tukitoka Lilongwe na kwenda kadiri ya kilomita 45 hadi Dzaleka, wilayani Dowa. Mahali hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zamani za utawala wa Kamuzu Banda, na pakawa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Walikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo wako zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni lugha yao kubwa ya kuelewana. Hatuandiki haya kwa kuilaumu nchi iliyowapokea. Malawi, nchi isiyo tajiri, iliwahi kupokea Wamsumbiji zaidi ya milioni moja zamani za vita vya kwao. Lakini ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti yake, miongoni mwayo yakiwa juu ya kuajiriwa kwa mkimbizi na uhuru wake wa kukaa atakapo. Mwaka 2023 serikali iliamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na maduka mengi ya Lilongwe yakafungwa.

Tazameni basi jinsi methali yetu ilivyopinduliwa. Mgeni huyu amekaa miaka zaidi ya 30, wala jembe hajakabidhiwa sawasawa. Kinachomfikia ni kipimo. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya misaada huufuata duniani, hutaja gramu 250 za sabuni ya kuogea kwa mtu mmoja kwa mwezi, na gramu 200 za kufulia. Ukigawanya hizo za kuogea kwa siku, ni kama gramu nane. Kisabuni kile cha gramu 15, ambacho mgeni wa Lilongwe hukinusa, akakitumia mara moja na kukiacha kikilowa, ni karibu siku mbili za mtu katika hesabu hiyo. Kipimo si kibaya. Bila kipimo wangepata wenye nguvu peke yao. Lakini apewaye kwa kipimo husimama katika foleni, na asimamaye katika foleni yuaomba, hata kama hakufungua kinywa.

Tangu mwaka 2014 hufanyika kambini humo Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongo aliyekuwa mkimbizi hapo, ajulikanaye kwa jina la Menes la Plume. Watu huja kutoka Lilongwe na nchi za mbali kusikiliza muziki na mashairi, na upo utaratibu ambao wageni hulala katika nyumba za wakimbizi wenyewe na kulipia malazi yao. Basi kwa usiku mmoja au miwili yule aliyehesabiwa mgeni kwa miaka mingi huwa mwenyeji. Katika nyumba moja tuliyoingia, nyumba ya matofali ya udongo, mama mwenyeji alikuwa amepanga juu ya kigoda mche wa sabuni ambao haujaguswa, karatasi za chooni, mshumaa na kiberiti, na chini yake beseni na ndoo yenye kifuniko. Mshumaa yeye aliuita buji, kwa Kiswahili cha Kongo. Kijana wa Kimalawi aliyefuatana nasi aliuita kandulo. “Karibuni kwangu,” alisema mama yule. Tulilisikia vizuri neno kwangu.

Wako wasemao kwamba hayo ni mambo ya fedha tu. Wengine, wenye huruma, husema kwamba mgeni mwema huja na kila kitu chake, asimwelemee maskini. Wa kwanza hawatushughulishi sana. Wa pili wana hoja, nayo haifai kupuuzwa: je, ni haki mama huyu awanyime watoto wake sabuni ili mtu aliyeshiba aoge? Hapana, si haki. Na ukarimu wa kujinyima namna hiyo, ingawa watu huusifu, humwacha mgeni na mzigo asioujua. Ndiyo sababu malipo hayana aibu. Fedha zikifika mapema, nazo zikiwa za kutosha, humwezesha mama kununua mche wa sabuni kama anavyonunua mtu yeyote mwenye wageni. Hapo malipo hayakuufuta ukarimu, yameuwezesha.

Lakini kuja na kila kitu ni jambo jingine. Mgeni afunguaye mkoba wake mbele ya kigoda kile, akatoa sabuni yake, karatasi zake na tochi yake, hakupunguza mzigo wa mtu. Amemwambia mwenyeji, bila kusema, kwamba nyumba hii ni pori. Nasi twaona kwamba anayetaka kusaidia na alete, ila akabidhi mkononi mwa mwenye nyumba, kama vile mtu aletavyo sukari kwa shangazi yake, na mwenye nyumba ndiye aamue kiwekwe wapi. Kisha aoge kwa sabuni aliyowekewa.

Mwanafalsafa Kant wa Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, alidai kwa ajili ya mgeni haki moja tu: afikapo katika nchi ya wenzake asitendewe kama adui. Haki ya kukaribishwa nyumbani hakumpa. Haki hiyo ya Kant, ingawa ndogo, ingewafaa sana wakimbizi wengi wa dunia. Lakini sheria haijui kiberiti kiwekwe wapi. Jambo hilo lilifanyika Dzaleka, na aliyelifanya ni mtu ambaye sheria bado yamwita mgeni.

Tulipoaga tulimwuliza mama yule sabuni iliyobaki huenda wapi. Akasema kwamba huikata vipande, akawapa watoto. Iliyokwisha kuguswa hawekewi mgeni mwingine.