Mtoto Afundishwe Nyumbani au Skuli?

Baada ya darasa letu la Jumamosi alibaki nyuma ndugu yetu mmoja akatuuliza suali ambalo tumelisikia mara nyingi barazani, ila yeye alituomba tulijibu kwa maandishi ili na wengine wapate kulisoma. Ana watoto wawili. Wa kiume yuko sekondari, na wa kike, mwenye umri wa miaka kumi, yuko katika skuli ya serikali hapo mtaani kwao. Yeye na mkewe wamekusudia kumtoa binti yao asomeshwe nyumbani na mwalimu wa kuajiriwa, kisha jioni aende chuoni kama desturi. Je, wana haki ya kufanya hivyo?

Hatumcheki ndugu huyu, wala hatumwambii kuwa khofu yake haina msingi. Mtoto wa leo hutoka nyumbani kungali na giza, akarudi alasiri na mzigo wa kazi za kufanya usiku, na akifika chuoni husinzia juu ya juzuu yake. Huja na maneno ambayo mzazi hakumfundisha. Na juu ya hijabu, wazazi wetu wanakumbuka kuwa Mahakama ya Rufani iliwapa wasichana wa Kiislamu haki yao mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu hiyo. Mzazi aliyeyaona haya akasema, "Basi nitamfundisha mwenyewe," hakusema neno la ujinga.

Lakini neno hili si geni katika pwani yetu, na yatupasa tukumbuke lilitufikisha wapi. Skuli nyingi za mwanzo katika nchi hii zilikuwa za wamishenari, tangu Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kisha kuweka kituo chake Rabai mwaka 1846. Wazee wetu waliogopa kuwa mtoto akienda kusoma kwao atarudi na dini nyengine, na khofu hiyo ilikuwa na sababu. Wakawazuia watoto. Waliwahifadhia dini, kweli, lakini zilipofunguliwa afisi, hospitali na mahakama, wengi wa watoto hao walizifikia wakiwa na haja ya kuandikiwa barua, wala si wao wa kuziandika. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata kufa kwake mwaka 1947, alikuwa amekwisha kuliona jambo hili. Katika gazeti lake la Al-Islah, alilolianzisha mwaka 1932, aliwahimiza watu wasiiache elimu ya dunia kwa kuiogopea dini, wala wasiiache dini kwa tamaa ya elimu ya dunia. Wako waliomchukia kwa hayo. Wajukuu wa waliomchukia leo ni madaktari na mawakili, na hatudhani kuwa wanajuta.

Tena imepokewa katika sira kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, mateka wa Makka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikombolea waliwekewa sharti ya kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, kila mmoja watoto kumi, ndipo waachiwe. Hawa ni watu waliokuja na panga kuwaua baba za watoto hao. Mtume (s.a.w.) hakuwaogopea watoto wa Madina kuharibiwa na walimu kama hao, kwani nyumbani walikuwa na baba na mama wanaojua watoto wao wanasoma nini na kwa nani. Na walimu wa skuli zetu si mateka wa vita. Wengine ni jirani zetu tunaokutana nao sokoni kila siku.

Hebu tuutazame mwaka 2020. Katikati ya Machi skuli zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona, na watoto walio wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Kwa muda wa miezi tisa na zaidi kila nyumba ilikuwa skuli, ipende isipende. Tuliona nini? Tuliona nyumba chache ambamo mama alikaa na watoto kila asubuhi, akawafungulia masomo ya redioni, akawasahihisha madaftari; watoto hao walirudi wamezidi. Nyumba nyingi, na katika hizo zimo zetu sisi tunaoandika haya, zilianza kwa bidii wiki mbili, kisha kitabu kikawekwa juu ya kabati. Mtoto wa kiume akaenda ufuoni. Mtoto wa kike akapewa jiko, na mdogo wake wa kumlea. Baadhi ya wasichana hawakurudi skuli tena.

Kwa upande wa sheria hatutasema mengi. Katiba ya 2010 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imemlazimu mzazi amwandikishe mtoto wake skuli na ahakikishe anahudhuria. Asiyefanya hivyo huweza kutozwa faini au kufungwa. Tena katika mtaala wa sasa sehemu ya alama za mtoto hukusanywa na walimu wake skulini mwaka baada ya mwaka, si kwa mtihani wa mwisho peke yake. Asiyekuwako darasani nani atamwandikia?

Ila sheria siyo iliyotuzuia kumkubalia ndugu yetu. Lililotuzuia ni jambo alilolitaja kwa kupita tu, kana kwamba halina uzito: kijana wake wa kiume hamtoi. Tukamuuliza, maneno mabaya ya njiani, masikio ya mvulana hayayasikii? Rafiki waovu wanawapata wasichana peke yao? Na Swala ya Adhuhuri impitayo binti, ndugu yake haimpiti? Alinyamaza, kisha akasema kuwa mvulana atahitaji kazi.

Hapo ndipo tulipofahamu kuwa suali lake silo alilotuuliza. Hakuwa akichagua baina ya mafunzo mawili, lipi bora, bali alikuwa akichagua ni mtoto yupi astahiliye mafunzo. Na watoto ni amana. Mwenye kuwekewa amana haulizwi kama moyo wake ulitulia alipoifungia sandukuni; huulizwa imerudi vipi kwa mwenyewe. Binti huyu kesho ataweza kufiwa na mume akaachiwa mayatima, ataandikiwa hati ya nyumba atie sahihi, atasimama mbele ya daktari na mtoto mgonjwa mkononi. Baba yake hatakuwako siku hiyo kumsomea.

Tulimwambia basi amwache binti skuli. Na kama ana fedha za kuajiri mwalimu, amwajiri wa jioni, kwa watoto wote wawili. Lakini hatukumwachia hapo, kwani kumwajiri mtu si kumfundisha mtoto nyumbani. Ni kumpeleka skuli nyengine iliyo ndani ya nyumba yako. Tulimtaka akae na binti yake mwenyewe, nusu saa kila usiku baada ya Isha, simu iwe chumba chengine, mpaka muhula uishe, kisha aje atueleze khofu yake imebaki kiasi gani. Alikubali, ingawa kwa uzito, kwani yeye hufunga duka usiku. Akatuuliza aanze na kitabu gani. Tukamwambia aanze na daftari la binti la skuli. Na akakiri mbele yetu kuwa tangu mwaka uanze hajalifungua.