Je, Ni Haki Kuimba Mahali pa Kilio?

Liko swali linalorudi kila mara katika parokia zetu za Goma, nalo huletwa na watu wenye moyo mwema. Wasema: wakati watu wamelala chini ya maturubai, wakati mama anatafuta unga wa watoto wake wala haupati, yafaa nini kwaya kukusanyika jioni baada ya jioni kwa mazoezi ya nyimbo? Si afadhali saa zile wapewe wagonjwa? Wengine huongeza neno kali zaidi, ya kuwa kuimba mbele ya mwenye njaa ni kumdhihaki.

Neno hili tusilipuuze, maana mji wetu umeona mengi. Katika siku chache za Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwetu kwa malaki. Kipindupindu kikawashika, na waganga waliochunguza habari ile walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Mwamba wa volkeno ni mgumu, hata makaburi yalishinda majembe. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani, ukateketeza na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mei 2021 mlima ulimwaga tena. Januari 2025 vita viliingia mjini, na kambi za pembeni zilikuwa zimejaa watu waliokimbia vijiji vyao. Basi anayeuliza kama ni haki kuimba hapa haulizi jambo la mchezo.

Ili tulipime vema, tumtazame mtu mmoja ambaye kuimba ndiyo kazi ya maisha yake. Barbara Hendricks alizaliwa mwaka 1948 huko Stephens, mji mdogo wa jimbo la Arkansas nchini Marekani, siku zile ambazo watu weusi wa huko walitengwa na weupe kwa sheria. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kimetodisti, na mtoto alianza kuimba kanisani kama wanavyoanza wetu. Katika chuo kikuu cha Nebraska alisoma hesabu na kemia akapata shahada, ndipo akaenda New York kufundishwa uimbaji na mwalimu Jennie Tourel katika shule ya Juilliard. (Wasichana wetu wa sauti ya kwanza wasikie hapo. Sauti nzuri si ruhusa ya kuikimbia hesabu.)

Sauti yake ni soprano, ile ya juu kabisa ya wanawake, na kazi yake ilikuwa opera, yaani mchezo wa jukwaani ambao watu huimba badala ya kusema. Tena huimba bila kipaza sauti. Mwanamke mmoja hana budi kusikika juu ya vinanda na tarumbeta za watu sitini au zaidi, hata kwa yule aliyeketi kiti cha mwisho juu darini. Kazi hiyo hutaka miaka ya kujizoeza kila siku. Alianza mwaka 1974 huko San Francisco na Glyndebourne, baadaye akaitwa Paris, New York na Milano. Mwaka 1988 ilitolewa filamu ya opera iitwayo La Bohème, naye aliimba humo kama Mimi, mshonaji maskini afaye kwa kifua kikuu katika baridi ya Paris.

Hapa twamkumbuka Mtakatifu Augustino. Katika kitabu cha tatu cha Maungamo yake asimulia kwamba alipokuwa kijana huko Karthago alipenda sana michezo ya jukwaani, akalia kwa ajili ya taabu za watu wasiokuwapo. Alipokuwa mtu mzima alijiuliza ni huruma gani hiyo, isiyomwita mtu aende kusaidia, ila yamwita atazame tu na kuonja utamu wa kulia. Swali lake bado liko hai. Tajiri hulipa fedha nyingi, huketi katika kiti cha mahameli, humlilia Mimi hata kitambaa kikalowa; kisha hutoka nje akampita mshonaji wa kweli anayekohoa penye ngazi. Kama wimbo ni huo tu, basi wanaotuuliza wana haki, na nabii Amosi yu upande wao, kwani aliwakemea vikali watu waliojilaza vitandani wakibuni nyimbo za kinubi, wala wasihuzunike kwa kuangamia kwa ndugu zao.

Lakini tulitazame neno la Amosi kwa makini. Hakukemea kinubi; Daudi naye alikuwa nacho. Alikemea ule moyo usiohuzunika. Wimbo wa watu wale ulikuwa ukuta wa kuwazuia wasisikie kilio.

Hendricks hakukubali machozi yaishie jukwaani. Mwaka 1987 alikuwa balozi wa hiari wa HCR, shirika la Umoja wa Mataifa linalowatunza wakimbizi, ambalo gari zake nyeupe hakuna mtoto wa Goma asiyezijua. Kazi hiyo aliishika miaka mingi, hata mwaka 2002 akapewa cheo hicho kwa maisha yake yote. Na tarehe 31 Desemba 1993 alifanya jambo ambalo wengi waliona ni wazimu: aliingia Sarajevo, mji wa Bosnia uliokuwa umezingirwa na majeshi tangu Aprili 1992, akaimba humo. Watu wa mji ule walikosa moto wa kuotea, na wengine walipigwa risasi wakienda kuchota maji na bidoni zao. Hakuwaletea unga. Aliwaletea kile kile alichowaletea wakubwa wa Paris na Milano, bila kupunguza.

Je, aliwadhihaki? Mtu aweza kusema ndiyo, maana mgeni huja, huimba, huondoka, na mabomu hubaki na wenyeji. Kweli, na hilo tusilifiche. Lakini tufikiri upande wa pili. Yule anayempa mwenye njaa chakula tu, siku baada ya siku, kwa kumpanga mstari na kumpa kadi ya kutobolewa, amfanyia wema mkubwa. Walakini mwenye njaa yule aanza kujiona tumbo lenye namba. Waliokaa kambini watuambia hivyo wenyewe. Mtu akija akamwimbia wimbo ule ule anaowaimbia wafalme, kwa jasho lile lile, amempa heshima ambayo mkate peke yake haumpi. Hatusemi wimbo watosha. Twasema kwamba aliyepoteza nyumba hakupoteza roho yake ya kupenda kilicho kizuri, nasi tukimnyima hicho kwa kisingizio cha huruma, tumemdharau.

Wala jambo hili halikuanzia Sarajevo. Mwaka 386, askari wa mfalme walipolizingira kanisa la Milano kwa sababu Askofu Ambrosi alikataa kuwapa Waario, watu walikesha ndani pamoja na askofu wao, tayari kufa naye. Augustino aandika kwamba siku zile ndipo walipofundishwa kuimba tenzi na zaburi kwa desturi ya nchi za Mashariki, wasije wakazimia kwa huzuni. Na mama yake, Mtakatifu Monika, alikuwa mmoja wa wale waliokesha. Basi nyimbo zetu za Kanisa, kwa sehemu kubwa, hazikuzaliwa katika raha.

Tena tazameni Ijumaa Kuu. Kengele hunyamaza, kinanda hunyamaza, altare huvuliwa nguo. Sauti ya mwanadamu haiondolewi. Ni siku hiyo hasa tunayoimba Mateso ya Bwana. Serge Kakudji, mwanamume mwenye sauti ya juu kama ya mwanamke, aliyachukua Mateso hayo kwa muziki uliotokana na kazi ya Bach, akayaimba Ulaya mwaka 2008. Mwana wa Kongo akawaimbia Wazungu habari ya Mama aliyeona Mwana wake akiuawa. Na hapo hatudhani alihitaji kujifunza kwao huzuni ni nini.

Na sisi wenyewe, nani amekwenda matangani akakuta nyumba kimya usiku kucha? Twaona aibu kumwacha mfiwa bila wimbo. Mbona basi jambo tunalolifanya kwa nyumba moja liwe kosa likifanywa kwa mji mzima?

Hata hivyo Mithali hutuonya: anayemwimbia mtu mwenye moyo mzito ni kama anayemvua nguo siku ya baridi. Yuko mama ambaye hataki kusikia wimbo wowote, na kwaya ikifika mlangoni pake ataomba waondoke. Wasimlaumu, wala wasiondoke. Wakae naye chini, wanyamaze. Zaburi ya 137 yasimulia mateka waliotundika vinubi vyao mitini, wakakataa kuwaimbia waliowateka. Walikuwa na haki, maana wimbo ulitakiwa na mtesaji ili apate kuchekeshwa. Ikiwa leo mwenye silaha ataka kwaya imwimbie apendeze mbele ya watu, yafaa vinubi virudi mitini. Lakini kukataa kwao nako wamekutungia zaburi, nasi twaiimba mpaka leo.

Yabaki mambo madogo ya parokia, ambayo huleta ugomvi kuliko hayo makubwa. Fedha za sare mpya za kwaya, wakati darasa la katekesimu limejaa watu waliolala sakafuni, zisubiri. Hapo wanaonung'unika wasikilizwe. Mazoezi yasivunjwe. Ila yafanywe palepale penye wale wageni, mlango ukiwa wazi, na mwalimu aulize kama kati yao wako wenye kuimba. Mara nyingi wako, tena wenye sauti ya kwanza iliyopungua katika kwaya zetu, na wana nyimbo za Masisi na Rutshuru ambazo sisi hatuzijui.