Umeme Rahisi: Rahisi kwa Nani?

Katika maneno yote ya sokoni hapana lipendwalo na sikio la mnunuzi kuliko neno "rahisi". Walakini kila mfanya biashara ajua ya kuwa kitu hakiwi rahisi kwa kuandikiwa bei ndogo tu. Iko bei anayotoa mnunuzi, na iko gharama iliyotumika hata kitu kile kikapatikana, na si lazima mambo mawili hayo yatoke katika mfuko mmoja. Bei ikishuka kwa sababu mwenye mali amepata njia bora ya kufanya kazi yake, hiyo ni neema kwa wote. Ama ikishuka kwa sababu sehemu ya gharama ametwikwa mtu wa tatu, ambaye hakununua wala hakuuza, basi hilo ni deni lililofichwa. Swali tutakalo kulitazama ndilo hili: je, yajuzu kukiita rahisi kitu ambacho upungufu wa bei yake umelipwa na mwingine bila ya ridhaa yake?

Tumechagua kulitazama swali hili katika jambo la umeme. Moto si bidhaa kama bidhaa nyengine. Katika mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) maji, malisho na moto vimehesabiwa kuwa ni vitu ambavyo watu ni washirika ndani yake. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya mpaka wa ushirika huo: wako walioufasiri kuwa ni kuni za nyika isiyo na mwenyewe, na wako waliosema ni kuwasha taa kwa mwali wa jirani. Kwa tafsiri yoyote tutakayoishika, maana yake haipotei: mwenye kuushika moto ameshika kitu ambacho wengine wana haki ndani yake. Na sisi watu wa Lamu tumekwisha kuona kwa macho yetu jinsi haki hiyo inavyoweza kusahauliwa.

Mwaka 2014 Serikali ya Kenya iliichagua kampuni ya Amu Power ijenge mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, upande wa bara wa Lamu. Mtambo huo ulikusudiwa uwe wa megawati 1,050, na makaa yaletwe kwa meli kutoka Afrika ya Kusini mpaka yatakapochimbwa yale ya Kitui. Wananchi waliambiwa kwamba uniti moja ya umeme ule itauzwa kwa senti 7.52 za Kimarekani, na kwamba kwa bei hiyo viwanda vitafufuka na mzigo wa maskini utapungua. Leseni ya mazingira ikatolewa mwaka 2016. Wenyeji waliokusanyika chini ya jina la Save Lamu wakaipinga mbele ya sheria, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la taifa la mashauri ya mazingira likaibatilisha, likasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kampuni ilikata rufaa, na mwezi wa Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa rufaa hiyo.

Hukumu ni hukumu, nayo imekwisha kusomwa. Sisi twataka kuziangalia zile senti 7.52, kwani ndani yake lipo somo litakalotufaa kwa mradi wowote utakaokuja baada ya huo.

Mkataba wa umeme ule ulikuwa wa miaka 25, na ndani yake mnunuzi, yaani kampuni ya Kenya Power, alitakiwa kulipia uwezo wa mtambo, autumie umeme asiutumie. Wachunguzi wa mambo ya fedha walikadiria malipo hayo kuwa kama dola milioni 360 kila mwaka. Na katika mwaka 2019 matumizi ya nchi nzima, saa yalipofika kilele chake, yalikuwa kadiri ya megawati 1,900, na mitambo iliyokuwapo tayari ilikuwa na uwezo zaidi ya huo. Mfano wake ni mtu aliyekodi jahazi kwa miaka ishirini na tano, akaahidi kulipa kodi ya jahazi zima kila mwezi, awe na shehena asiwe nayo. Akilijaza, ujira wa kila gunia huwa mdogo. Akisafiri na magunia kumi, magunia hayo kumi ndiyo yatakayoibeba kodi yote. Bei ya senti 7.52 ilikuwa ni hesabu ya jahazi lililojaa, na shehena ya kulijaza haikuwapo.

Hiyo ni gharama ambayo ingerudi kwa mnunuzi mwenyewe katika bili yake. Iko nyengine ambayo haikutiwa katika hesabu kabisa: moshi, majivu, maji ya moto yanayorudishwa baharini, na samaki wanaokimbia maji hayo. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika Lamu, na ndani ya mizizi yake ndimo wanamokulia samaki na kamba. Asidhani mtu kuwa vitu hivi havina bei. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi kadiri ya 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara waliyoyapata kwa ujenzi wa bandari. Basi bahari yahesabika. Lakini aghalabu huhesabiwa baada ya madhara kutokea, na kwa amri ya hakimu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika biashara ya namna hii mchuma janga huondoka na faida yake, na janga likabaki kwa wasiochuma kitu.

Wako wenye hoja dhidi yetu, nao wastahili kusikilizwa kwa insafu. Wasema: "Kijana wa Hindi au wa Mokowe hana kazi, nanyi mwamsomea habari za mikoko. Uingereza na Ujerumani zilitajirika kwa makaa. Kwa nini sisi tukatazwe?" Hoja ya kazi ni nzito, wala hatuipuuzi. Lakini kazi ya mmoja haiwi halali ya kuharibu kazi ya mwingine bila ya kumuuliza, na mvuvi naye ni mtu mwenye kazi. Ama Uingereza, aitajaye na aimalize habari yake. Mwezi wa Desemba 1952 moshi wa makaa uliufunika mji wa London kwa siku tano, ukaua watu kwa maelfu. Mwaka 1956 wakatunga sheria ya hewa safi, na tarehe 30 Septemba 2024 wakaufunga mtambo wao wa mwisho wa umeme wa makaa. Kumfuata mtu katika njia ambayo yeye mwenyewe amekwisha kuirudi, si maendeleo.

Wengine husema: "Liacheni soko lipange bei. Mtume mwenyewe alikataa kupanga bei." Ni kweli kwamba bei zilipopanda Madina, naye akaombwa azipange, alikataa kwa kuchelea dhuluma. Lakini lile lilikuwa soko la wauzaji wengi, na bei ilipanda kwa uchache wa vitu. Sheikh Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, ameeleza katika kitabu chake juu ya hisba kwamba pale uuzaji unapozuiliwa kwa watu makhsusi, na wengine wakakatazwa kuuza, basi kuwawekea bei ya haki huwa ni wajibu, kwani kuwaacha ndiyo dhuluma. Sasa tujiulize: mtu wa Langoni akichukizwa na bei ya umeme, ataenda duka gani jengine? Muuzaji wa peke yake hawezi kudai uhuru wa soko ambalo halipo.

Na kwa insafu ile ile, yatupasa tutaje kheri tunayopewa. Mji wa Faza, katika kisiwa cha Pate, kwa miaka mingi umewashwa kwa majenereta ya dizeli yasiyoungana na gridi ya taifa. Umeme wa dizeli ni ghali mara kadhaa kuliko ule wa mvuke wa Olkaria. Lakini mtu wa Faza hakutozwa gharama ya dizeli. Alitozwa kwa kiwango kile kile cha taifa, na tofauti ikagawanywa katika bili za wateja wa nchi nzima. Fundi wa Nakuru na mshona nguo wa Kisumu wamechangia taa ya Faza. Mtu aweza kutuuliza: je, hamkusema kwamba si haki kumtwika mwingine gharama? Jawabu yetu ni kwamba mchango huu umewekwa kwa kanuni ijulikanayo, ni mdogo kwa kila mmoja, na hutoka kwa wengi kwenda kwa wachache wenye dhiki. Moshi wa Kwasasi ungekwenda kinyume: faida igawanywe kwa walio mbali, na madhara yakusanyike juu ya wachache walio karibu, tena wasioweza kuhama. Kuchangiana ni jambo moja, na kutwikana ni jambo jengine.

Mizani hiyo hiyo twaitumia katika kodi na ushuru. Mwezi wa Septemba 2018 Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 juu ya kila lita ya mafuta ya taa. Sababu iliyotolewa ni kwamba wako wafanya biashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli ili wapate faida ya haramu. Kosa lilikuwa la wenye malori na matangi, na faini ikalipwa na bibi kizee mwenye koroboi. Mwaka 2020 vyombo vya sola, vilivyokuwa vimesamehewa kodi ya ongezeko la thamani, vikatozwa kodi hiyo. Na mwaka uliofuata msamaha ukarudishwa. Mwenye hoteli ya Shela na mvuvi wa Kizingitini wakinunua sola wakati huo walilipa kwa kiwango kimoja. Usawa wa namna hiyo ni usawa wa karatasini.

Hatusemi kwamba kila ushuru ni dhuluma. Nchi ina haki ya kulea viwanda vyake. Kenya ina kiwanda cha kuunganisha sola huko Naivasha tangu mwaka 2011, na vijana wanaojifunza kazi pale ni watoto wetu. Lakini ulezi wa kiwanda uwe na muda wake, utangazwe wazi, na mzigo wake uwe juu ya wenye nguvu. Ikiwa mvuvi ndiye atakayelipa karo ya kiwanda, naye hajui kwamba analipa, basi tumerudi pale pale.

Asidhani msomaji kwamba twatetea upepo na jua kwa kuwa ni upepo na jua. Mtambo wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye megawati 310, ulikamilika mwaka 2017, na nyaya za kuuchukua umeme wake hazikuwa tayari mpaka Septemba 2018. Wananchi wakatozwa mamilioni kwa upepo uliokuwa ukivuma bure. Na mwaka 2021 mahakama iliyokaa Meru ikasema kwamba hati za ardhi ya mradi ule, ekari 150,000, hazikutolewa kwa njia ya haki. Na hapa kwetu, mradi wa upepo wa Baharini karibu na Mpeketoni, wa megawati 90, ulikwama kwa miaka katika mashindano ya makampuni na malalamiko ya fidia. Upepo hautoi moshi, lakini mkataba wake waweza kuwa na dhuluma kama mkataba wowote.

Limebaki neno moja, nalo ni letu sisi. Katika umeme unaoingia katika nyaya za Kenya Power, zaidi ya sehemu moja katika kila tano hupotea. Baadhi ya upotevu huo ni wa nyaya na mashine, na baadhi ni wizi. Wako miongoni mwetu waunganishao waya nje ya mita, kisha wakakaa barazani wakiilaani Serikali kwa bei. Na wanapoambiwa, hujibu: "Ni mali ya kampuni." Si ya kampuni. Upotevu huingizwa katika bei, na bei hulipwa na jirani anayenunua tokeni zake kwa uaminifu. Huyu mwizi wa waya na yule mwenye mtambo wa makaa wametenda kitendo kimoja kwa vipimo viwili: kila mmoja ameota moto wake na kumwachia mwenziwe gharama.

Basi, ndugu wasomaji, ukija mradi mwingine, uwe wa makaa, wa upepo, wa jua au wa gesi, tusiulize kwanza uniti itauzwa kwa senti ngapi. Tuulize ni nani atakayepata, ni nani atakayelipa, na je, huyu mwenye kulipa ameulizwa naye akajua anachokubali? Katiba ya mwaka 2010 imetupa haki ya kuulizwa. Mamlaka ya EPRA ipangapo bei ya umeme huita watu watoe maoni yao, na makaratasi ya miradi huwekwa wazi kwa siku maalumu. Siku hizo barua zetu huwa chache na viti vyetu huwa vitupu. Mwenye kunyamaza siku ya kuulizwa amemrahisishia kazi mwenye kumdhulumu. Twawanasihi wenye elimu katika kila mtaa, kuanzia Mkomani hadi Matondoni, wayasome makaratasi hayo na kuwafasiria wazee wasiojua lugha yake, kwani hiyo nayo ni amana.

Wabillahi ttawfiq.