Jembe la Shule na Jasho la Mwanafunzi

Wazee wetu husema mchumia juani hulia kivulini. Katika methali hii anayechuma na anayekula ni mtu mmoja, na pengine ndiyo sababu hatuihoji. Lakini shamba la shule lina watu wengi: mmoja hupanda, mwingine humwagilia, wa tatu huvuna, na mara nyingine wa nne, asiyejulikana, ndiye aliyeko kivulini. Je, ni haki kumfundisha mtoto kuheshimu kazi kwa kazi ambayo matunda yake hayaoni?

Swali hili si geni. Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha la Februari, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe jumuiya inayojilisha, na shamba liwe sehemu ya masomo. Jembe lililokuja na siasa hiyo tunalikumbuka sana. Tuliyoyasahau ni masharti yake: kwamba wanafunzi washiriki kupanga kazi, hesabu ziwekwe, nao wawe na sauti katika kuamua mapato yatumiweje. Masharti hayo yakiondolewa, kinachobaki ni kulima tu.

Hata kulima huko kuliharibika. Katika shule tuliyosoma, aliyechelewa mstarini alipewa matuta mawili. Aliyepiga kelele darasani, matatu. Asubuhi tuliambiwa kazi ni heshima, na kabla ya adhuhuri kazi hiyo hiyo ilikuwa adhabu. Mtoto si mjinga. Kati ya mafundisho mawili huliamini lile linalomuumiza mgongo. Tukiwalaumu vijana kwa kulidharau jembe, hatuna budi kukumbuka ni nani waliowafunza dharau hiyo.

Tuchukue mfano wa Manzese, mahali ambapo mtu hatazamii shamba. Mtaa huu wa kando ya Barabara ya Morogoro, zamani sehemu ya Kinondoni na leo Wilaya ya Ubungo, ulijengwa na wahamiaji kwa mikono yao wenyewe. Miaka ya 1970 mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uliupatia barabara na mabomba, lakini ardhi haikuongezeka. Nyumba zimebanana hata mwembe umekuwa anasa. Wako wanaolima mabondeni, kando ya Mto Ng'ombe, ila maji yake hubeba uchafu wa majumbani na vyooni, na mboga iliyonyweshwa maji hayo ina hatari kwa mlaji. Basi kiwanja cha shule ni miongoni mwa vipande vichache vya ardhi vilivyo mali ya wote.

Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Hata mtoto mdogo huliona jasho lake likigeuka mboga. Lakini mchanga wa pwani haushiki maji wala rutuba, na kila mavuno huupunguzia nguvu. Dawa yake ni mboji: maganda ya ndizi na mabaki ya sokoni, majani makavu, samadi ya kuku, vikapangwa kwa tabaka, vikaloweshwa na kugeuzwa kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mwanafunzi wa darasa la mwisho anayeanza lundo mwezi wa Julai atakuwa ameondoka shuleni lilipoiva.

Atatokea wa kutuuliza: huyu naye si amefanya kazi asiyoila? Ni kweli. Aliyenyang'anywa na aliyetoa wote hubaki mikono mitupu. Lakini huyu anajua anamwachia nani, na siku ya kwanza aliposhika jembe alikuta mboji aliyoachiwa na mwenziwe asiyemjua. Yule wa matuta ya adhabu hakuachiwa kitu wala hakuulizwa.

Kwa hiyo hatudhani shamba kama hilo linahitaji mengi kuliko ubao mmoja ukutani, ulioandikwa na wanafunzi wenyewe: mafungu mangapi yamevunwa, mangapi yamekwenda jikoni, mangapi yameuzwa na fedha iko wapi. Walimu wengine wataona ni usumbufu. Bila shaka ni usumbufu, kwani iko siku mtoto wa darasa la nne atasimama mbele ya ubao huo, ahesabu kwa vidole, kisha aulize fungu la kumi limekwenda wapi, na mwalimu itambidi amjibu.