Neno la Mwajiri na Kazi ya Mwajiriwa

Vijana waendao kutafuta kazi huuliza: Mtu aliyeahidiwa kazi moja, naye afikapo akapewa nyingine, je, angali amefungwa na neno lake? Wengine hujibu, "Unakula mshahara wake, nyamaza." Wengine husema, "Yeye amevunja, nawe vunja, tega kazi." Mimi naona wote wamekosa.

Tuwatazame manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanganyika, zamani za Waingereza. Wengi waliandikwa mbali, Kigoma, Songea na hata Urundi. Mtu alisikia habari za mshahara wa mwezi, akauhesabu mwezi kwa kuandama kwake. Kumbe mwezi wa shambani ulikuwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Na siku ambayo hakuimaliza kazi aliyopimiwa, haikuandikwa. Neno lilikuwa moja, maana zake mbili; na mara nyingi aliyezijua zote mbili ni mwenye kuajiri tu.

Hapo ndipo ulipo uovu. Si kila badiliko ni hila: mvua ikikata barabara, na dereva akaombwa kushika jembe siku mbili, hajadhulumiwa. Bali ajuaye tangu mwanzo kwamba kazi siyo hiyo, akaficha ili mwenziwe akubali, huyo ameiiba ridhaa yake. Maana hakuna awezaye kuridhia asilolijua.

Lakini kudanganywa hakumpi mtu ruhusa ya kudanganya. Mtega kazi apokeaye mshahara mzima, naye pia anaficha jambo. Yafaa aseme mapema, mbele ya shahidi, "Hii siyo tuliyopatana". Maana kimya cha miezi mingi huhesabiwa kuwa ridhaa. Asiposikizwa, na aage waziwazi.

Hata hivyo, kumwambia "ondoka" mtu asiye na nauli ya kurudi kwao ni maneno mepesi. Kwa hiyo mzigo mkubwa ni wa mwenye kuajiri. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 yamwagiza aandike kazi, mahali, saa na ujira, na kumweleza asiyeelewa; na jambo likibadilika, washauriane, kisha liandikwe.

Basi, kijana, kabla hujatia sahihi, uliza: mwezi ni siku ngapi? Kuuliza si ujinga. Nawe mwenye kuajiri, kumbuka: ahadi ni deni, wala deni halilipwi kwa kitu kingine pasipo mdai kukubali.